Safari ya Picha Kinnaur na Spiti: Kutoka Hekalu la Wahindu hadi Gompa ya Wabudha

Ukitaka kupiga picha sehemu ya Himalaya ambako Wahindu na Wabudha wanaishi mlango kwa mlango, nenda jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Anzia Shimla, pita Kinnaur, ingia Spiti, kisha utokee Lahaul na kushukia Manali. Barabara inafika kote huko, kwa hiyo si lazima uwe mpanda milima. Nimeipita njia hii mara mbili, zote nikiwa na kundi lenye kiongozi. Mara ya kwanza tuliingilia Manali. Nilipofika Kaza nililala kitandani siku mbili bila nguvu ya kushika kamera. Mara ya pili tuliingilia Shimla, tukapanda kidogo kidogo kwa siku nane, na karibu picha zote ninazozipenda zimetoka safari hiyo. Ninachoeleza hapa ni safari ile ya pili.

Hatua ya 1: Chagua pa kuingilia kabla ya kuchagua kampuni

Shimla ipo mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Sarahan ni kama hapo hapo. Kalpa inakaribia mita 3,000, Nako imepita 3,600, Tabo inashuka kidogo hadi 3,280, ndipo unafika Kaza, mji mkuu wa Spiti, wenye mita 3,650 na ushei. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, Kaza ni kama Horombo, na kijiji cha Komic, juu ya Kaza, kinakaribia kibanda cha Kibo. Lakini Kilimanjaro unapanda kwa miguu, na miguu inakwambia mapema kwamba umechoka. Spiti unapandishwa na gari. Umekaa kitini, unatafuna njugu, dereva anakata kona, na mwili hauna habari umefikishwa wapi mpaka usiku kichwa kinapoanza kugonga.

Ukiingilia Manali unaondoka asubuhi kwenye mita 2,000, unavuka Kunzum La, kipito cha mlimani chenye zaidi ya mita 4,500, na jioni hiyo hiyo unalala Kaza. Safari za namna hiyo zinauzwa sana kwa sababu zinaokoa siku. Zikatae. Ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima hapo ulipo. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukapiga picha na kurudi. Kinachohesabiwa ni mahali unapolaza kichwa. Njia ya Shimla haiifuati kanuni hii yenyewe: kutoka Kalpa hadi Nako kuna mita 600 na zaidi, ndiyo maana Kalpa unalala usiku mbili.

Hatua ya 2: Panga wakati

Mzunguko mzima unawezekana Kunzum La ikiwa wazi, kwa kawaida kuanzia Juni hadi Oktoba. Julai na Agosti mvua za monsuni huipiga Shimla na Kinnaur ya chini, kingo za milima huporomoka na barabara hufungwa. Spiti yenyewe imejificha nyuma ya safu zinazozuia mvua, ni jangwa la baridi, ila utafikaje kama njia imekatika?

Wakati wangu ni katikati ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba. Hewa imeoshwa na mvua, milima inaonekana hadi mikunjo yake. Kinnaur wanachuma matufaha, na kadiri Oktoba inavyosogea mipopla ya bondeni inageuka manjano. Halafu tazama kalenda ya mwezi: panga ufike ziwa la Chandratal usiku wa giza totoro.

Hatua ya 3: Muulize anayeandaa safari maswali haya

Mtakuwa wangapi kwenye gari moja? Kila mpiga picha anahitaji dirisha, kwa hiyo gari la watu saba libebe wanne.

Mwenyeji wenu ni nani? Kiongozi wa picha na kiongozi wa mahali ni watu wawili tofauti. Yule wa kwanza anajua mwanga. Wa pili awe amezaliwa Kinnaur au Spiti, ajue lama (mwalimu wa dini ya Kibudha) gani anapenda wageni na nyumba ipi ina msiba wiki hii. Ukilazimika kuchagua mmoja, mchukue huyo wa pili, mambo ya kamera utayasoma popote.

Kuna mtungi wa oksijeni ndani ya gari, na kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni? Ratiba ina siku mbili za akiba? Na mtu akizidiwa saa nane usiku, nani anatoa amri ya kushuka? Jibu likiwa "tutaona", tafuta kampuni nyingine.

Hatua ya 4: Karatasi na vitu vilivyopigwa marufuku

Viza ya India inaombwa mtandaoni. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo utadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanjwa wiki ya safari.

Kati ya Kinnaur ya juu na Spiti, barabara inapita karibu na mpaka wa Tibet, na mgeni anahitaji kibali maalumu cha eneo la mpakani. Wengi wanakichukulia Reckong Peo, makao makuu ya wilaya ya Kinnaur, chini kidogo ya Kalpa. Panga ufike hapo katikati ya wiki. Ukifika Jumamosi jioni utangoja. Beba nakala kadhaa za pasipoti na za kibali, kwa sababu kila kizuizi kitataka yake.

Droni iache nyumbani: India imezuia kuziingiza toka nje. Simu ya setilaiti nayo ni kosa bila idhini, hata kile kifaa kidogo cha kutuma ujumbe wa dharura. Wasafiri wamewahi kukamatwa nacho. Usielekeze kamera kwenye kambi ya jeshi, kizuizi wala daraja la mpakani.

Kamwone daktari kabla ya kuondoka, umuulize kuhusu acetazolamide, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Si kila mtu anaruhusiwa kuimeza, kwa hiyo usiazime ya mwenzako.

Hatua ya 5: Begi

Lenzi mbili zinatosha: moja ya kawaida, kama 24-70, na moja ya kuvuta, kama 70-200. Ukiwa na ya tatu, iwe pana yenye f/2.8 kwa ajili ya nyota na vyumba vya giza. Tripodi nyepesi. Betri nne au tano, maana baridi inazinyonya na umeme wa vijijini unakatika. Usiku ziweke ndani ya soksi, soksi ndani ya blanketi, ulale nazo.

Vumbi la Spiti ni laini kama unga wa muhogo. Usibadilishe lenzi garini wala penye upepo. Ukitoka nje kwenye baridi kali na kuingia jikoni penye jiko, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto, la sivyo lenzi itatoka jasho, ndani na nje.

Kuna jambo la kipimo cha mwanga ambalo mpiga picha wa nchi za joto hakutani nalo mara kwa mara. Theluji na kuta nyeupe za gompa, yaani nyumba za watawa wa Kibudha, zinaidanganya kamera, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inatoa theluji ya kijivu. Ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), hata moja na nusu, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera. Adhuhuri fanya kinyume: jua la huko juu ni kali, vivuli ni vyeusi tii, na sura ya mtu inapasuka vipande viwili. Saa hizo mpeleke mtu kivulini au weka kamera chini unywe chai.

Hatua ya 6: Sarahan na Kalpa, upande wa Wahindu

Sarahan kuna hekalu la Bhimakali, lililojengwa kwa tabaka za mbao za mwerezi na mawe, moja juu ya jingine bila saruji. Mtindo huu unaitwa kath-kuni, na majengo yake yanacheza tetemeko linapopita badala ya kuvunjika. Kamera haziingii ndani. Zinafungiwa kwenye makabati mlangoni pamoja na simu na kila kitu cha ngozi, mkanda na pochi vikiwemo. Kichwa unakifunika kwa kofia. Picha za hapa zinapigwa uani, alfajiri, mlima Shrikhand Mahadev ukiwa nyuma ya mapaa. Usinung'unike kwa kunyang'anywa kamera. Ingia, panda ngazi zile nyembamba, nusa moshi wa ubani. Ukitoka utajua unapiga picha ya nini.

Kalpa ndipo penye kosa la wengi. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri kuusubiri mlima Kinnaur Kailash uwake. Hauwaki, kwa sababu uko mashariki mwa kijiji na jua linachomoza nyuma yake. Alfajiri unapata umbo jeusi lenye ukingo wa moto, na hiyo ni picha nzuri kama umeikusudia. Mwanga wenyewe unaugonga mlima jioni. Simama kwenye bustani za matufaha kuanzia saa kumi na moja jioni, vuta lenzi hadi 200, utafute ile nguzo ya jiwe iliyosimama peke yake kwenye ukingo wa safu. Wahindu wanaiheshimu kuwa alama ya mungu wao Shiva, na kadiri jua linavyozama inabadilika rangi, kutoka shaba hadi zambarau.

Kalpa hiyo hiyo ina hekalu la Narayan-Nagini na ina gompa, mwendo wa dakika chache. Nilimfuata mama mmoja mwenye kofia ya Kinnaur, ile yenye ukingo wa mahameli ya kijani, na ua lililochomekwa pembeni. Alipita hekaluni akagusa kizingiti na paji la uso, akaendelea hadi gompa akazungusha gurudumu la sala, kisha akaenda kukamua ng'ombe. Nilimpiga picha tatu. Inayozungumza ni ya mkono: vidole vyenye nyufa za udongo juu ya shaba iliyong'arishwa na vidole vya waliomtangulia.

Hatua ya 7: Tabo, na kuacha kamera

Mbele ya Kalpa, pale Khab, mto Spiti unajimwaga ndani ya Sutlej, na baada ya hapo miti inakwisha. Milima inabaki mifupa mitupu. Baada ya Nako unashuka Tabo.

Gompa ya Tabo ilianzishwa mwaka 996. Kwa nje ni mafungu ya udongo wa rangi ya ardhi, na wengi wanapiga picha mbili wakaondoka. Ndani ya ukumbi mkuu kuna giza, na humo marufuku kupiga picha. Nunua tochi ndogo ya mwanga hafifu na uingie na mtawa. Sanamu za udongo zenye ukubwa wa mtu zimetokezea kutani pande zote, zaidi ya 30, kana kwamba zimekaa hewani, na chini yake michoro iliyochorwa karibu miaka 1,000 iliyopita. Nilikaa humo saa nzima. Namshauri kila anayekwenda atenge saa hiyo, maana baada ya Tabo macho yanaanza kuona rangi ambazo Spiti inazificha: nyekundu ya ukutani, buluu iliyofifia, dhahabu iliyobaki kwenye mkunjo wa nguo.

Hatua ya 8: Kaza na vijiji vya juu

Siku ya kwanza Kaza usifanye kitu. Tembea sokoni, kunywa maji, lala mapema. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kipone. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu, huyo anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama kesho ndiyo siku ya picha kubwa. Kaza kuna hospitali, na dereva wako awe anajua njia ya kufika.

Siku ya pili nenda Key, gompa iliyorundikana juu ya kilima kwenye mita 4,166. Picha ya nje inapigwa kutoka barabara ya juu inayokwenda Kibber, ili mto Spiti utandazwe nyuma ya gompa kama nyuzi za kusukia mkeka. Picha ya ndani inaanza kwa ruhusa. Ukikubaliwa kuhudhuria sala ya asubuhi, vua viatu, kaa ubavuni, kunja miguu isielekee madhabahu, zima mlio wa shata na usiwashe flashi. Mwanga unaingia kwa dirisha moja tu, basi ngoja uso ugeukie dirishani. Mimi nilitumia ISO 3200, f/2.8, sehemu ya 60 ya sekunde, nikiegemea nguzo. Mtawa mdogo, labda wa miaka tisa, alikuwa anapita na birika kubwa kuliko kifua chake akiwamiminia wakubwa chai ya siagi na chumvi. Mvuke ulipanda mbele ya dirisha. Nilipata picha moja tu iliyotulia, na ilinitosha.

Langza, kwenye mita 4,400, kuna sanamu kubwa ya Buddha inayotazama bonde na mlima Chau Chau Kang Nilda nyuma. Watoto watakuletea mawe yenye alama za viumbe wa bahari, kwa maana milima hii ilikuwa sakafu ya bahari ya kale ya Tethys. Shika moja kiganjani, litazame vizuri, mrudishie. Usinunue. Hikkim, jirani yake, kuna posta iliyofunguliwa mwaka 1983, mojawapo ya zile za juu kabisa duniani, na kadi niliyoitupia humo ilifika Moshi.

Lala Langza usiku mmoja nyumbani kwa watu badala ya hotelini, kama kichwa kimetulia. Hapa pia unapanda zaidi ya mita 500, ndiyo maana Kaza unalala usiku mbili kwanza. Nyumba za Spiti zina jiko katikati ya chumba, na familia nzima inalizunguka. Hapo ndipo picha za watu zilipo.

Hatua ya 9: Namna ya kumpiga mtu picha

Kaa kwanza. Kunywa unachopewa. Spiti na Lahaul salamu ni "julley", Kinnaur ni "namaste". Na Mswahili ana mlango wake mwingine ambao wasafiri wengi hawana: Kihindi kinatumia chai, chapati, gari, dawa, barafu yetu wanaiita *baraf*, kitabu ni *kitab*, dunia ni *duniya*. Jioni ile Langza mwenye nyumba alisikia mimi na mwenzangu tukizungumza, akadakia "dawa?" akidhani naumwa. Tukaanza kuhesabu maneno mezani, na ilipotajwa *baraf* bibi wa nyumba alicheka hadi akashika mbavu. Kamera ilikuwa bado ndani ya begi. Nilipoitoa, hakuna aliyebadilisha sura.

Omba ruhusa kwa kuinua kamera kidogo na kungoja. Akitikisa kichwa kukataa, shukuru uishushe. Akikubali, mwonyeshe picha. Usigawe pesa wala peremende kwa watoto. Umewafundisha kuomba, na atakayekuja nyuma yako atazikuta nyuso zimenyoosha mikono. Chorten (minara midogo ya ibada ya Wabudha) na kuta za mawe ya sala zipite ukiziacha mkono wa kulia, na usikalie mawe hayo wala kuegesha tripodi juu yake.

Chakula hakitakusumbua hata kama unachunga halali: dengu, wali, chapati na mboga vipo kila nyumba. Momo (vitumbua vya unga vyenye kujazwa ndani) na thukpa (supu ya tambi) uliza kwanza kama zina nyama.

Hatua ya 10: Chandratal, Triloknath, na kazi iliyobaki

Chandratal ipo kwenye mita 4,250 hivi, na unafika ukiwa umeshalala juu ya Kaza, kwa hiyo mwili uko tayari. Kambi ziko mbali kidogo na ziwa. Giza likishatanda, tazama kusini-magharibi ambako ukanda wa nyota unasimama karibu wima. Lenzi pana, f/2.8, sekunde 20, ISO 3200, na fokasi uiweke kwa mkono juu ya nyota moja inayong'aa. Vaa kila nguo uliyobeba.

Kabla hujapita handaki la Atal, lenye kilomita 9 na lililofunguliwa mwaka 2020, omba mchepuko wa siku moja kwenda hekalu la Triloknath, Lahaul. Ratiba nyingi zinaliruka. Ndani kuna sanamu moja ya jiwe jeupe. Wahindu wanakuja kumwabudu Shiva, Wabudha wanakuja kwa Avalokiteshvara, mtakatifu wao wa huruma, na sanamu ni hiyo hiyo. Nilisimama nje nikapiga picha za viatu vilivyovuliwa mlangoni, vya wakulima, vya watawa, vya watoto, vimechanganyika.

Ukifika mjini Manali au Delhi, kabla ya kupanda ndege, chapisha picha za watu uliowaahidi. Mpe mwenyeji wenu bahasha, kila picha ikiwa na jina la kijiji nyuma, maana yeye atarudi huko kabla ya theluji kufunga njia. Bahasha yangu ilikuwa na picha 31. Ya bibi wa Langza niliichapisha mbili, moja ikiwa kubwa ya kutundika ukutani, kwa sababu aliniomba hivyo huku ameshika mkono wangu mlangoni.